Kabati Lililogeuzwa Ukuta

Siku ya kuniaga mlininunulia kiti. Nashukuru. Ila mlinipa kikiwa bado ndani ya boksi, na niliwaona mlivyokuwa mnakonyezana, mkingoja kama bibi kizee atasoma karatasi ya maelekezo. Sikuisoma. Nimekifunga hapa Nyololo, barazani kwa mdogo wangu, na ndicho nilichokalia ninapoandika haya. Kinaegemea kidogo kushoto, lakini hilo ni kosa la sakafu.

Mliniomba niwaandikie jinsi nilivyoanza kazi hii na nilijifunza kwa nani. Habari za vyeo sina, maana karakana yetu ina vyeo viwili tu, anayeshika bisibisi na anayeshika tochi. Mishahara tuiache ilale. Nitaandika siku za mwanzo, vifaa, mwalimu wangu, na asubuhi moja ya Soweto pale Mbeya. Mliponisikia nikifoka kwa ajili ya skrubu moja tu iliyokaa vibaya, mkadhani ni uzee, ilikuwa ni asubuhi ile.

Nilianzia Iringa mjini kwa Mzee Kikoti, seremala wa Kihehe, mwembamba, mpole wa sauti na mkali wa macho. Nilifika kwake na Eliza wangu mgongoni, nikasema nataka kujifunza useremala. Karakana nyingine nilizopita walicheka kwanza ndipo wakanijibu. Yeye alinisalimu, "Kamwene," akatazama viganja vyangu, kisha akaniwekea mbele kabati kuukuu la vyombo.

"Lifungue," akasema.

Nikafungua mlango wa kabati.

"Siyo hivyo, binti. Lifungue lote."

Siku zangu zote za mwanzo zilikwisha katika kufungua vitu. Niling'oa misumari bila kupasua ubao, nikatoa skrubu zenye kutu na kuzipanga kwenye kopo. Nilichukia. Nilidhani ananidharau kwa kuwa mwanamke, kumbe kila aliyepita pale alianza hivyo. Wateja wake wengi walikuwa walimu, manesi na askari, watu wa uhamisho, leo wako Iringa na kesho wanaambiwa wahamie Makete. Alikwisha kuona vitanda vilivyoundiwa chumbani vikakataa kutoka mlangoni, hadi vikakatwa kwa msumeno mbele ya wenyewe. Kwa hiyo kila tulipotaka kukaza kiungo chochote aliuliza swali lile lile: "Na wa kufungua atasimama wapi?" Usipokuwa na jibu, unaanza upya.

Gundi aliifungia kabatini na ufunguo akautia mfukoni. Skrubu tulizipitisha kwenye sabuni ya mche kabla ya kuzikaza, ziingie bila ubishi na siku ya kutoka zitoke bila ubishi. Ndiyo maana kwenye sanduku langu la vifaa kulikuwa na kipande cha sabuni miaka yote, na nyinyi mkawa mnanawa nacho mikono kabla ya kula. Wala sijasahau.

Mzee Kikoti alipofariki nilihamia Mbeya, na huko ndiko nilikokutana na fanicha za maboksi. Dukani zinaonekana za kitajiri, kwenye picha yuko mzungu anacheka pembeni ya kabati, ila ukifungua boksi unakuta mbao za chenga zilizoshindiliwa kwa gundi, mfuko wa skrubu, spana ya L, na karatasi yenye michoro ya mtu asiye na uso. Watu walizipenda kwa sababu bei yake mtu wa kawaida anaiweza. Tatizo ni kwamba aliyezibuni hakuwahi kulala Mbeya mwezi wa sita. Ubao wa chenga ukinywa maji ya kudekia unavimba kama andazi, na baridi ya kwetu inauotesha ukungu.

Hapo ndipo kazi yetu ilipozaliwa. Nilianza kwa kuyainua makabati juu ya miguu ya paini kutoka Mufindi, yasiguse sakafu. Mteja mmoja wa Chimala alinunua kabati la nguo, akaniita baada ya msimu kwamba limepasuka. Nikakuta hakuna hata shati moja ndani, ni magunia ya mchele mtupu. Nikamwambia hili ni kabati la nguo. Akanijibu, "Fundi, nguo zinaning'inia popote. Mchele utaning'inia wapi?" Nilimtengenezea rafu za mbao nzito, nikamuachia milango yake mizuri ya kioo, na nadhani mpaka leo mchele wake unajitazama kwenye kioo. Mfundisheni mteja pale anapotaka kufundishwa. Asipotaka, imarisheni rafu.

Sasa niwaambie habari ya Soweto.

Mama Ambakisye alikuwa mjane wa Kinyakyusa, mfupi, mchapakazi, anauza viazi sokoni. Aliishi na mwanawe Ambakisye na mkwewe Atupele katika chumba kimoja kirefu cha kupanga. Sebule ilikuwa mbele, vitanda nyuma. Dirisha la nyuma mwenye nyumba alikuwa ameliziba kwa matofali alipojenga chumba kingine upande ule. Atupele alikuwa mjamzito, karibu kujifungua, na mama mkwe alinunua makabati mawili ya maboksi akaniita.

"Mama Eliza, mimi sitaki kabati," akaniambia hata kabla sijaketi. "Nataka ukuta. Mzazi akae nyuma ya ukuta, baridi isimfikie."

Wazo lilinipendeza, nasema kweli. Niliyasimamisha makabati bega kwa bega kukata chumba, nikayaunga pamoja, nikaacha nafasi pembeni ya mlango mdogo. Mlango ule ulifungukia ndani, upande wa vitanda, kwa sababu upande wa sebule kulikuwa na kochi. Mwenye nyumba alitukataza kutoboa kuta zake, kwa hiyo makabati yalisimama kwa uzito wake tu. Migongo yake ilikuwa hadibodi nyembamba inayopitisha baridi, nikaitoa na kuweka plaiwudi nene. Nilipofika hapo Mzee Kikoti akaniuliza swali lake, marehemu yule hakuniacha hata siku moja. Nikapiga fito za paini ndani ya kabati, nyuma kabisa, nikaegemeza plaiwudi kwenye fito, na skrubu zote zikatazama sebuleni. Ukifungua mlango wa kabati na kusogeza nguo, unaziona zimejipanga mbele yako.

Juu, kati ya makabati na dari, niliacha mwanya wa kupitisha hewa, mbao zisiote ukungu. Mama Ambakisye akanyoosha kidole.

"Na pale juu?"

"Pale paache wazi, mama."

"Baridi itashukia pale pale. Ziba."

"Mbao zitaoza. Sizibi."

Akanieleza, bila kunitazama, kwamba mtoto wake wa kwanza alimfia kule Rungwe, akiwa angali mchanga, kifua kilibana kwa baridi. Nyumba ilikuwa na tundu ukutani, na mumewe alisema ataliziba kesho. "Kila siku kesho," akasema. "Mimi nilikuwa namsikia anavyopumua, Mama Eliza. Nilikuwa nalisikia na lile tundu." Niliumia, nikamshika mkono. Lakini mwanya sikuuziba. Akanipa ndaga kavu, asante ya Kinyakyusa, nikafunga sanduku langu nikaondoka. Mkaa wa kumpashia mzazi joto sikuufikiria kabisa. Mimi nilikuwa nawaza mbao.

Atupele alijifungua salama, mtoto wa kike. Nyinyi mmekulia huku mnajua mambo ya uzazi wa nyanda za juu. Mzazi anakaa ndani, anakunywa uji wa moto, haonekani ovyo, na jiko la mkaa linaingizwa chumbani kumkanda na kumpa joto yeye na kichanga. Bibi zetu walifanya hivyo kwenye nyumba za nyasi zilizovuja hewa kila upande. Pale Soweto palikuwa na matofali pande tatu na ukuta wangu wa plaiwudi upande wa nne.

Asubuhi ile baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Nilikuwa karakanani napiga msasa nilipomwona Mama Ambakisye anakuja mbio, kitenge kinaburuza, miguu mitupu.

"Mama Eliza! Mlango umekataa! Atupele haitiki!"

Nilibeba sanduku nikamfuata mbio. Njiani alikuwa akisema kwa vipande vipande. Aliwasha jiko alfajiri, likakolea vizuri, halina moshi hata kidogo, akawaingizia, akaufunga mlango mdogo joto lisitoke, akaenda kununua maziwa. Aliporudi akagonga, kimya.

Tulimkuta Ambakisye anausukuma ule mlango mdogo kwa bega. Ulikuwa umefunguka kiasi cha kupitisha mkono tu. Kwenye upenyo chini niliona mguu wa Atupele. Alikuwa amejaribu kutoka, akaanguka nyuma ya mlango, na mwili wake ndio ulioukaza. Joto zito lilitupiga usoni. Nikainua macho kwenye ule mwanya wa juu. Haukuwepo. Ulikuwa umeshindiliwa blanketi, kona hadi kona.

"Mtoto yuko wapi?" nikauliza.

"Kitandani," akasema Ambakisye. "Hapa hapa nyuma ya kabati. Mama, nilipige teke hili kabati?"

"Ukilipiga linawaangukia! Halijashikwa na kitu! Fungua mlango wa nje na dirisha, na mwite mwenye gari yeyote."

"Mke wangu anakufa hapo, mama!"

"Fanya ninachokwambia!"

Akatii, Mungu ambariki, maana alikuwa amekwisha kuinua mguu. Mama Ambakisye alikuwa amesimama katikati ya sebule, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikamsukumia kiti. "Toa blanketi," nikamwambia. Hakusogea. "Mama Ambakisye. Wewe ndiye uliyeliweka, panda ulitoe." Yalikuwa maneno makali na sikuwa na mengine. Akapanda, akalivuta, likashuka na vumbi lake lote juu ya vichwa vyetu.

Nikafungua kabati la karibu na ule mlango mdogo, nikakumba nguo zote nikazitupa chini. Skrubu zikanitazama. Ya kwanza ikatoka kama inatoka kwenye siagi, sabuni ya Mzee Kikoti hiyo. Ya pili, ya tatu. Nilikuwa nasikiliza huku nafungua, nasikiliza sauti ya mtoto, kilio, kikohozi, chochote. Hakukuwa na kitu. Kichanga kisicholia katika vurugu kama ile kinatisha kuliko kilio chochote.

Skrubu ya kona ya chini ikagoma. Bisibisi likateleza, kichwa cha skrubu kikalika, likateleza tena.  Ukilazimisha unamaliza kichwa chote na hutaitoa tena. Nikachukua kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, mnaujua, ule mnaouliza kila mara ni wa nini, nikauweka katikati ya bisibisi na skrubu, nikaegemea kwa uzito wangu wote na kuzungusha polepole. Polepole! Huku nyuma yangu mtu anasema "Yesu, Yesu, Yesu" na nyuma ya ubao kuna kimya. Mpira ukauma. Skrubu ikageuka.

Plaiwudi nikaivuta kwangu, nikaitupa kando, nikapenya ndani ya kabati kama mwizi. Upande wa pili jiko lilikuwa jekundu zuri, bila moshi, limetulia kabisa, maana sumu ya mkaa haionekani. Mtoto alikuwa kitandani amefunikwa mpaka nywele. Nilimwinua, shingo yake ikalegea. Nikampitisha kwenye lile tundu mikononi mwa bibi yake, nikapiga kelele, "Nje! Mpeleke nje!" Kisha nikamshika Atupele kwapani nikamvuta kutoka mlangoni. Alikuwa mzito kama gunia lililolowa, lakini alikoroma kidogo, na mkoromo ule niliushukuru kuliko wimbo. Ambakisye akaingia, tukambeba.

Nilipotoka uani nilimkuta Mama Ambakisye amejikunja pembeni ya ukuta, ameupa upepo mgongo, anamfunga mtoto khanga usoni. Vidole vyake vilikuwa vinafanya kazi vyenyewe, vinaziba kila mahali.

"Usimfunike!"

"Kuna baridi, Mama Eliza. Baridi."

"Ndiyo anayoitaka! Mfunue uso. Mgeuzie upepo."

Akanitazama. Sijawahi kuombwa kwa macho kama nilivyoombwa siku ile. Mwanamke yule alikuwa ameishi maisha yake yote akipigana na upepo huo, na mimi nilikuwa namwambia aukabidhi mjukuu wake. Nikaona midomo ya mtoto haina rangi nzuri. Sikuwa na muda wa kumbembeleza, wala sikutaka kumpokonya. Nikamwambia tu, "Mama, tafadhali."

Akageuka. Akaitoa khanga. Akamshika mtoto mikono ikiwa imenyooka mbele yake, uso wazi, kwenye upepo ule wa kuuma unaoshuka milimani, na yeye mwenyewe akafumba macho. Tulisimama hivyo. Kisha mtoto akakunja uso, akavuta hewa, akapiga chafya, na kilio kikatoka, chembamba, chenye hasira. Mama Ambakisye akaketi chini pale pale kwenye udongo, mtoto juu ya mapaja, bado hajafumbua macho.

Jirani mwenye gari aliwakimbiza hospitali, wakawekewa hewa, wote wawili. Walirudi nyumbani. Atupele aliumwa kichwa siku nyingi, lakini alirudi. Naandika hivyo mapema msije mkaruka kurasa.

Baada ya muda Mama Ambakisye akanitafuta karakanani, safari hii amevaa viatu. Akanisalimu, akauliza habari za Eliza, akaweka viazi mezani, akazunguka kote, ndipo akasema, "Nirudishie ukuta wangu."

Hasira ilinipanda. Nilimwambia ukuta ule sitaugusa, namwomba ayauze makabati yote mawili, ama ayachome, na mkaa asinitajie. Nilisema mengi na kwa sauti, mpaka mafundi wa jirani wakaacha randa zao. Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Jiko limetoka ndani, halirudi," akasema. "Lakini mzazi hawezi kukaa sebuleni watu wanapita. Ukuta nautaka. Ila nifundishe kuufungua."

 Miaka yangu yote nilikuwa nimewaza wa kufungua ni fundi. Nilibeba plaiwudi, fito na sanduku tukaenda. Nikaubadilisha mlango mdogo ufungukie sebuleni, na kochi likahamia pengine, wala halikulalamika. Nikaurudisha ubao mahali pake, skrubu mpya, sabuni mpya. Kisha nikampa bisibisi.

Alilishika kama kijiko, nikamrekebisha. Akajifunza kuegemea, kusikiliza, kutolazimisha. Atupele alikuwa nyuma ya ukuta ananyonyesha, tunamsikia anavyomsemesha mtoto. Skrubu ya juu ikatoka, Mama Ambakisye akaidaka kabla haijaanguka. Pale ilipokuwa pakabaki tundu dogo, akaliwekea kiganja, akatulia.

"Inapita," akasema.

"Baridi?"

"Baridi." Hakuondoa kiganja chake haraka. Nikampa ile skrubu airudishe, maana somo lilikuwa ni kufungua na kufunga. Aliitazama, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Tundu hili tuliache," akasema.